Madoa yenye pembe kwenye majani? Pima nematodi kabla hujapuliza dawa

Ukiona doa kwenye jani limekatika sawasawa pale kwenye mshipa, kama limepigwa rula, tulia kwanza usikimbilie dawa ya fangasi. Inawezekana kabisa ni nematodi wa majani, yaani minyoo midogo sana, wale wa jamii ya Aphelenchoides, na dawa ya fangasi haiwaui, utapoteza hela tu na mmea unazidi kuisha. Wanapenda stroberi, begonia, krisanthemu, hata mpunga unao wa kwake.

Kwanza chuma jani lenye doa bichi, lile bado lina kijani pembeni. Anzia majani ya chini, maana hawa wanapanda kwa kuogelea kwenye maji yaliyolowesha shina alafu wanaingia kwenye jani kupitia vitundu vya kupumulia.

Pili, likatekate vipande vidogo, tia kwenye glasi yenye maji safi kidogo, acha mpaka kesho yake.

Tatu ndo penyewe. Toa vipande, acha glasi itulie, iweke juu ya kitu cheusi umulike na tochi kutoka ubavuni, kisha angalia chini kabisa kwa lenzi ya kukuza mara 10 au zaidi. Utaona vinyuzi vyembamba, karibu milimita moja au pungufu, vinajinyonganyonga. Ila jani lililooza lina nematodi wengine wanaokula bakteria tu, ndo maana nimesisitiza doa bichi. Ukiwa na hadubini tafuta kisindano mdomoni, na nyuma yake uvimbe wa duara unaokaribia kujaza upana wa mwili.

Sasa hapa naomba tusikilizane vizuri: wengi wa hawa wanakula na fangasi pia, kisindano kilekile kinatoboa nyuzi za ukungu wananyonya, na maabara huwafuga kwenye ukungu wa Botrytis. Kwahiyo majani makavu yaliyoota ukungu chini ya mmea bado ni chakula kwao, na hata yakikauka kabisa wanaweza kulala humo miezi mingi wakisubiri maji.

Okota yote, choma, usitupe kwenye mboji. Mwagilia chini kwenye udongo, sio juu ya majani, na panua nafasi ili majani yasigusane. Usichukue vipandikizi kwenye mmea ulioathirika. Miche ya stroberi iliyolala, yaani iliyosimama kukua kwa muda, huzamishwa kwenye maji ya nyuzi 46 kwa dakika 10 alafu ikapozwa kwenye maji baridi, shika temometa muda wote maana joto likizidi unaua mche, na jaribu michache kwanza. Majani mapya yakitoka, rudia kipimo cha glasi.