Somo: Kutafiti biashara za jamii za asili, kuanzia kwenye umiliki

Somo hili nimeliandaa kwa wanafunzi wa uzamili na watafiti wanaoanza. Tasnifu nyingi za ujasiriamali huanza na dodoso. Unapotafiti biashara za jamii za asili, yaani watu waliokuwa wenyeji wa nchi kabla ya walowezi au makundi mengine kuja, dodoso lisubiri. Uliza kwanza: biashara hii ni ya nani? Na majibu nitakayopewa yatakuwa mali ya nani? Asiyejibu maswali haya mapema hukwama baadaye, hata awe hodari wa takwimu kiasi gani.

Hatua ya 1: Amua unahesabu nini

Usiseme tu "biashara ya jamii ya asili" ukapita. Nchini Australia, rejista ya Supply Nation, shirika linaloorodhesha biashara za wenyeji wa asili, kwa miaka mingi imetenganisha makundi mawili: biashara ambazo angalau nusu ni mali ya Waaborijini au wenyeji wa Visiwa vya Torres Strait, na zile ambazo wanazimiliki kwa asilimia 51 au zaidi, wanaziendesha na kuzidhibiti. Mstari huo una uzito. Tangu Julai 2015 serikali ya shirikisho ina sera ya kuzipa biashara hizo sehemu ya zabuni zake, na palipo na zabuni hujitokeza kampuni zinazomweka mwenyeji mmoja mbele huku maamuzi na faida vikienda kwingine. Ukihesabu majina ya wakurugenzi peke yake, na hizo utazihesabu.

Kuna pia umiliki usio wa mtu mmoja. Alaska, sheria ya 1971 ya kumaliza madai ya ardhi iliunda kampuni za kanda na za vijiji, na wenyeji wakawa wanahisa wake. Mtafiti anayemtafuta mjasiriamali kama mtu binafsi mwenye wazo na mtaji atazipita kampuni hizo bila kuziona.

Hatua ya 2: Soma sheria kabla ya kulaumu utamaduni

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko kwingine kote. Nimesoma kazi nyingi zinazohitimisha kwamba jamii fulani "haina moyo wa kukopa" au "inaogopa kuthubutu". Ukifungua sheria, unakuta sababu nyingine kabisa. Kanada, kifungu cha 89 cha Indian Act, sheria inayohusu Mataifa ya Kwanza (jamii za asili za huko), kinazuia mali yao iliyo kwenye ardhi waliyotengewa kuwekwa rehani kwa mtu asiye wa jamii hizo, wala mtu huyo hawezi kuikamata kwa deni analowadai. Kifungu hicho kimelinda ardhi isipotee, lakini pia kimemwacha mfanyabiashara bila dhamana ya kupeleka benki. New Zealand, ardhi ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, chini ya sheria ya 1993, Te Ture Whenua Māori, mara nyingi ina wamiliki wengi sana kwa kipande kimoja, na kuiuza kumewekewa masharti mazito. Benki husita.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda uwandani, andika ukurasa mmoja: ardhi inamilikiwaje, nani anaweza kuiweka rehani, kodi inatozwaje, nani hutoa leseni. Ukurasa huo utabadilisha nusu ya maswali yako.

Hatua ya 3: Omba ridhaa kwa jamii, kisha kwa mtu

Barua ya kamati ya maadili ya chuo haitoshi. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa Septemba 13, 2007, linatambua katika ibara ya 31 haki ya jamii hizi kudhibiti maarifa yao ya jadi. Kisa cha Wasan, jamii ya asili ya wawindaji wa kusini mwa Afrika, kinaonyesha sababu. Walitumia mmea wa hoodia kuzima njaa na kiu wakiwa mawindoni. Miaka ya 1990 taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini, CSIR, ikachukua hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) juu ya viambata vyake bila kuwauliza. Makubaliano ya kugawana mapato yalikuja 2003, wenye maarifa wakiwa wameshachelewa kuketi mezani. Mwaka 2017 Wasan walitoa kanuni zao za maadili ya utafiti: heshima, uaminifu, haki na kujali. Zisome hata kama hutafiti huko.

Kuhusu data, Mataifa ya Kwanza ya Kanada yana kanuni za OCAP: umiliki, udhibiti, ufikiaji na kuzishika data zenyewe. Kubalianeni kwa maandishi data zitahifadhiwa wapi na nani atazifungua.

Hatua ya 4: Tengenezeni vipimo pamoja

Faida ipime, ndiyo. Ila waulize wenyewe biashara ikifanikiwa inaonekanaje: ajira kwa vijana wao, lugha kutumika kazini, ardhi kubaki mikononi mwao. Mradi wa Chuo Kikuu cha Harvard kuhusu uchumi wa wenyeji wa asili wa Marekani, ulioanzishwa 1987, umeeleza kwa miaka mingi kwamba maendeleo hushika pale jamii inapojiamulia mambo yake na taasisi zake zinapoendana na utamaduni wake. Weka basi kipimo cha nani anaamua.

Hatua ya 5: Rudisha matokeo kwanza kwao

Wasome rasimu kabla ya jarida, kwa lugha wanayoielewa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, msimamizi wangu anataka dodoso la kawaida la ujasiriamali ili nilinganishe na nchi nyingine. Nikatae?*

Usikatae. Litumie, lakini lijaribu kwanza na watu wachache. Angalia hasa maswali ya matumizi ya mapato: fedha anazopewa ndugu dodoso huziandika kama hasara, ilhali mhojiwa anaziona kuwa ndiyo sababu ya kufanya biashara. Ongeza sehemu yako, ulinganifu hautavunjika.

*Nikiondoa majina, si nimeshalinda siri za wahojiwa?*

Katika jamii ndogo, hapana. Ukiandika "mwanamke mwenye kampuni ya utalii wa mashua", kila mtu amemjua. Unganisha sekta, ficha eneo, au muulize kama anataka atajwe. Wengine wanataka, na ni haki yao.

*Mimi si wa jamii hiyo. Je, niache mada?*

Si lazima. Tafuta mtafiti mwenza kutoka humo, umlipe na jina lake liwe kwenye andiko. Na wakikuambia mada yako haiwasaidii, waulize ipi ingewasaidia.

*Mzee mmoja ameomba mahojiano yake yaondolewe, na sura nimeshaimaliza. Nifanyeje, ndugu mwalimu?*

Yaondoe, pamoja na nukuu na hoja inayoyategemea peke yake. Mwarifu msimamizi leo, na umwandikie mzee kwamba umefanya hivyo.