Namna ya Kuandika Tafakuri Nyepesi ya Kila Siku kuhusu Habari, Siasa na Fedha

Anayetaka kuandika kila siku maneno machache yenye uchangamfu juu ya yaliyojiri duniani, juu ya wanasiasa, bei na maisha ya nyumbani, aanze kwa kukubali kwamba wepesi wa maandishi yake utategemea uzito wa maandalizi yake. Msomaji hucheka kwa raha anapoona kuwa mwandishi ameielewa habari vizuri. Akihisi kwamba mwandishi anabahatisha, mzaha ule ule humchosha. Kwa sababu hiyo maelezo haya yatakaa zaidi kwenye kuielewa habari, hasa habari ya fedha, ambako waandishi wengi hujikwaa.

Kwanza chagua jambo moja tu. Siku yoyote ile huwa na habari nyingi kuliko uwezo wa mtu kuzitafakari, na anayezigusa zote katika maandishi mafupi huishia kuorodhesha vichwa vya habari. Chukua ile unayoweza kumsimulia kwa sentensi moja mtu ambaye hajaisikia, na ambayo inagusa jambo analolifanya kila siku: kulipa, kusubiri, kusafiri, kuuguza, kusomesha. Kisha itafute habari hiyo kwenye chimbuko lake, yaani hotuba yenyewe ya bajeti, hukumu yenyewe ya mahakama au taarifa yenyewe ya ofisi ya takwimu, kabla ya kusoma maoni ya wachambuzi. Maneno 300 hadi 500 yanatosha kabisa.

Habari ya fedha ikikufikia, swali la kwanza ni kama unachosomewa ni kiwango, yaani mahali bei ilipofika, au ni kasi, yaani jinsi inavyopanda. Mfumuko wa bei ni kasi. Ukitangaziwa kwamba umeshuka kutoka asilimia 8 hadi asilimia 4, bei hazijashuka hata kidogo. Zimeendelea kupanda, ila polepole zaidi. Kitu kilichouzwa kwa 100 kilifika 108 mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili kimefika zaidi ya 112. Hapa ndipo waziri anayejipongeza na mama anayelalamika wanapokuwa wote wawili wanasema kweli, na tafakuri nzuri sana inaweza kuandikwa juu ya kweli hizo mbili zinazopishana mlangoni. Ni vyema pia ukumbuke kwamba takwimu hiyo hutokana na kapu la bidhaa na huduma ambalo wanatakwimu wamelipanga kwa kufuata matumizi ya kaya za kawaida. Kaya inayotumia sehemu kubwa ya kipato chake kwa chakula na nauli itauhisi mfumuko tofauti kabisa na ule uliotangazwa, na haina makosa kuuhisi hivyo.

Kuna hesabu moja ya haraka ambayo ningependa kila mwandishi wa mambo haya aijue kwa moyo: gawanya 72 kwa asilimia ya ongezeko kwa mwaka, utapata makadirio ya miaka ambayo kitu kitachukua kuongezeka maradufu. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, zitakuwa mara mbili baada ya miaka kama 12. Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa deni, kwa akiba na kwa idadi ya watu, nayo huligeuza tamko kavu la benki kuu kuwa jambo ambalo mzazi anaweza kulipima kwa umri wa mtoto wake.

Vivyo hivyo, tofautisha asilimia na pointi za asilimia. Riba ikitoka asilimia 10 hadi asilimia 12, imepanda kwa pointi 2 za asilimia, lakini mkopaji ataona gharama ya riba yake imeongezeka kwa asilimia 20. Msemaji anayetaka kutuliza watu atachagua ya kwanza na anayetaka kuwatisha atachagua ya pili. Wewe toa zote mbili. Ukikutana na neno wastani, uliza ni wastani wa nani, kwa kuwa tajiri mmoja akiingia katika chumba chenye watu kumi wa kipato cha chini, wastani wa chumba kizima hupaa papo hapo ilhali hakuna mfuko wa mtu hata mmoja uliojaa. Kipato cha mtu aliyeko katikati ya foleni, watu wakipangwa kutoka maskini hadi tajiri, kitakwambia zaidi.

Pato la taifa, yaani jumla ya thamani ya yanayozalishwa na nchi, nalo lisomwe kwa uangalifu. Uchumi ukikua kwa asilimia 3 katika nchi ambayo watu wake nao wanaongezeka kwa asilimia 3, fungu la kila mtu limebaki pale pale. Mwaka 1934 Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kukadiria pato la Marekani, alilitahadharisha Bunge la nchi hiyo kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa moja kwa moja kutokana na kipimo hicho. Tahadhari hiyo ingali na uzito wake, na mwandishi anaweza kuirejea kila takwimu za robo mwaka zinapotoka.

Kuhusu tarakimu kubwa, usimwachie msomaji bilioni na trilioni zikielea hewani. Sekunde milioni moja ni takriban siku 11 na nusu. Sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Sekunde trilioni moja ni zaidi ya miaka 31,000. Ukishampa kipimo hicho, gawanya fedha zilizotajwa kwa idadi ya watu wa nchi husika, umwonyeshe fungu la mtu mmoja. Mara nyingi mradi uliotangazwa kwa vishindo huonekana mdogo, na mara nyingine hasara iliyotajwa kwa haraka mwishoni mwa taarifa huonekana kubwa mno.

Siasa inahitaji maswali machache yasiyobadilika: nani ameamua, nani atalipa, lini, na kwa mamlaka gani. Muswada bado si sheria, na fedha zilizoidhinishwa katika bajeti bado si fedha zilizotumika. Ukisoma kwamba hatua zinachukuliwa, tafuta jina la cheo cha anayezichukua. Lisipokuwepo, huko kukosekana kwake ndiko habari yako ya siku. Kura za maoni zishughulikie kwa subira. Sampuli ya watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu huacha ukingo wa makosa, yaani kiasi ambacho jibu linaweza kupishana na ukweli, wa takriban pointi 3 juu na 3 chini, kwa hiyo mgombea mwenye asilimia 46 na mwenzake mwenye asilimia 44 hawajaachana kwa kiasi cha kumtangaza yeyote kuwa anaongoza.

Uchekeshaji wenyewe hutoka katika pengo lililopo kati ya lililosemwa na lililotendeka, na pengo hilo ukiliweka wazi kwa lugha tulivu halihitaji chumvi. Nashikilia kwa dhati kwamba mzaha uelekezwe kwa wenye madaraka na kwa matendo yao ya hadharani, na kamwe usigeukie umbo la mtu, kabila lake, dini yake, ulemavu wake au watoto wake. Maskini anayepanga foleni asifanywe kichekesho. Foleni yenyewe, pamoja na aliyeisababisha, inaweza kuandikwa kwa ucheshi. Ziko pia siku ambazo habari ni ya msiba. Siku hizo andika kwa utulivu juu ya jambo dogo la kweli linalohusu waliopatwa, au usiandike kabisa.

Ili kalamu isikauke, weka daftari la mambo yasiyochakaa, kama vile usingizi, mikutano mirefu, namba ya siri iliyosahaulika au majirani wanaohama, uyatumie pale ambapo habari za siku hazijakamilika. Habari iliyotoka saa chache zilizopita mara nyingi hubadilika, na tafakuri haina haja ya kushindana nayo kwa kasi. Kuichelewesha hadi kesho yake huipa faida ya kujua mwisho wake.

Takwimu uliyoitoa ikibainika kuwa si sahihi, isahihishe juu kabisa ya maandishi ya siku inayofuata, ukitaja ulichoandika, kilicho sahihi na tarehe ya andiko lenyewe. Andiko la awali usilifute: liache lilipokuwa, na uweke maelezo ya masahihisho pembeni mwa sentensi inayohusika ili atakayelisoma baadaye akutane nayo hapo hapo.