Kabla hujauza TV yako ya 4K eti 8K imekuja, chukua futi kwanza

Shemeji yangu kanipigia simu juzi anataka kuuza TV yake, flati ya inchi 55 ya 4K aliyonunua miaka mitatu tu iliyopita, eti kaambiwa dukani kwamba 8K zimeshaingia na muda si mrefu hizi za 4K zitakuwa kama zile za chogo, hata bure hakuna atakayezibeba. Nikamwambia subiri, usimpe mtu TV, nakuja. Nilienda na futi ya fundi seremala na waya mmoja wa HDMI (ule mmoja unaopitisha picha ya HD na sauti pamoja) na ndani ya nusu saa tukawa tumemaliza. Naandika tulichofanya ili na wewe ukifanye kwako, maana hela ya TV siyo hela ya kuchezea.

Kwanza hizo namba. Picha ya TV ni vidoti, yaani pikseli. Full HD ina vidoti 1920 kwa 1080, kama milioni 2 hivi. 4K ni 3840 kwa 2160, milioni 8 na kidogo. 8K ni 7680 kwa 4320, milioni 33. Kila ukipanda ngazi vidoti vinakuwa mara 4, na muuzaji anakukamatia hapohapo, anasema mara 4 na wewe unasikia uzuri mara 4. Jicho haliendi hivyo jamani. Ukikaa mbali kiasi fulani vidoti viwili vilivyoshikana jicho linaviona kimoja, na ukishafika hapo hata wakuongezee vingine milioni mia hakuna utakachokiona.

Sasa chukua futi. Pima kioo chenyewe, fremu achana nayo, kutoka chini kwenda juu. Halafu kaa kwenye kochi kama unavyokaa siku zote na mtu akupimie kutoka machoni mpaka kwenye kioo. Kama TV ni Full HD zidisha kile kimo cha kioo mara 3, kama ni 4K zidisha mara 1 na nusu, kama ni 8K chukua robo tatu yake tu. Jibu unalopata ndiyo umbali ambao ukikaa nyuma yake jicho zima la kawaida haliwezi tena kutofautisha vidoti. Wenye macho makali sana wanaona kidogo zaidi ya hapo lakini kwa wengi wetu inatosha.

Kwa shemeji kioo kilikuwa sentimita 68. Mara 3 ni kama mita 2, mara 1 na nusu ni kama mita 1. Kochi lake liko mita 2 na sentimita 80. Yaani pale anapokaa hata hiyo 4K aliyonayo hajaimaliza, macho yake yanaishia kwenye Full HD! Ili 8K imsaidie kwenye inchi 55 inabidi akae ndani ya mita moja, tukasogeza kiti cha plastiki mpaka hapo akakaa, dakika mbili tu akasema shingo inauma kwa kugeuka kufuata mpira. Na kama anataka abaki kwenye kochi lake, basi anunue kioo chenye kimo cha karibu mita 1.9, hiyo ni inchi 150, kubwa kuliko ukuta wa sebule yake. Hapo mwenyewe akaanza kunyamaza.

Hatua inayofuata ni kuangalia unachoiingizia hiyo TV, na mimi naona hapa ndipo penye shida kubwa majumbani kwetu kuliko pengine popote. Washa chaneli unayoangalia zaidi halafu bonyeza INFO kwenye rimoti ya TV (siyo ya king'amuzi), ikuandikie inapokea nini. Ya shemeji ikaandika 576i. Hiyo ni SD, vidoti kama laki 4 tu, kwenye kioo chenye vidoti milioni 8, maana yake katika kila vidoti 20 unavyoviona kimoja ndiyo kimetoka kituoni na 19 TV imejibunia yenyewe. Ungemwekea 8K ingejibunia 79 kati ya 80. Ndiyo maana mtu ananunua TV kubwa akifika nyumbani mpira unaonekana kama una ukungu, jezi namba hazisomeki, anadhani TV ni mbovu.

Nikageuza TV nikakuta king'amuzi chake, ambacho ni cha HD kabisa, kimeunganishwa kwa ule waya wa rangi tatu, njano nyekundu na nyeupe, miaka mitatu yote. Ule waya haupitishi HD hata ufanyeje. Nikauchomoa nikaweka HDMI, nikaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi upande wa picha nikakipandisha mpaka 1080, tukarudi kwenye chaneli ya HD. Mke wake alikuwa jikoni akatoka kuuliza mmebadilisha TV? Kwahiyo kabla ya kitu chochote kageuze TV yako uangalie huo waya, nakuomba.

Halafu jiulize hiyo 8K utaangalia nini. Japani NHK, shirika lao la utangazaji la taifa, walianzisha chaneli ya setilaiti ya 8K tarehe 1 Desemba 2018 na Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa 2021 waliirusha kwa 8K, lakini wao walikuwa wanalifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 90. Huku kwetu chaneli nyingi za ving'amuzi ni SD na HD, hata hiyo 4K tunaipata zaidi kwa intaneti, na Netflix wenyewe wanasema 4K inakula mpaka GB 7 kwa saa, filamu moja ya saa mbili GB 14, piga hesabu ya bando hapo. Na watengenezaji nao wameona, TCL waliacha kutoa 8K, Sony nao wakaacha 2025. Kitu ambacho kampuni kubwa zinakiacha hakiwezi kuja kuizika TV yako kesho.

Ile habari ya chogo nayo siyo kweli kama anavyoisema muuzaji. Dar walizima analojia tarehe 31 Desemba 2012 na watu tulidhani chogo zote ndiyo basi, lakini uliweka king'amuzi pembeni na chogo ikaendelea kuonyesha, zipo zilizoishi miaka mingi baada ya hapo. TV ni kioo tu, ubongo unaweza kuuweka nje. Ni hivyohivyo kwa smati TV, zinazochoka haraka ni programu zilizomo ndani. Mwaka 2015 programu ya YouTube iliacha kufanya kazi kwenye TV nyingi za 2012 kurudi nyuma, na 2019 Netflix ikaziacha baadhi ya Samsung za 2010 na 2011. Vioo vyake vilikuwa vizima kabisa! Yakikukuta hayo usinunue TV, nunua kaboksi kadogo ka Android au ile stiki ya kuchomeka kwenye HDMI, TV inarudi kuwa mpya kwa sehemu ndogo sana ya bei.

Kinachoua TV kwetu ni umeme. Unakatika, unarudi kwa nguvu, bodi inaungua. Weka TV gadi, na mvua ya radi ikianza chomoa TV pamoja na waya wa antena au dishi, wengi wanasahau huo wa dishi. Pia ingia kwenye mipangilio ya picha toa "Vivid", ile hali ya rangi kali na mwanga mwingi, halafu baklaiti kama iko 100 shusha mpaka 60 hivi uone kama bado usiku inakutosha, maana zile taa za ndani ndizo zinazokufa na fundi akibadilisha anafungua kioo chote, akikosea tu kioo kinapasuka.

Sasa kama TV yako kweli imekufa, au una ya inchi 32 na sebule imekuwa kubwa, nunua 4K bila wasiwasi, na hela ambayo ungeongeza kwa ajili ya 8K iweke kwenye ukubwa wa kioo au kwenye OLED, aina ya kioo ambacho kila kidoti kinawaka na kuzimika chenyewe, kwahiyo weusi wake ni weusi kweli, hiyo tofauti utaiona hata ukiwa mlangoni. Lakini kuwa makini na stika. Kuna TV zimeandikwa "4K support", maana yake inaweza kupokea video ya 4K ikaishusha, kioo chenyewe ni HD ya kawaida. Soma kwenye boksi utafute 3840 x 2160, usipoiona iache. Nenda na flash yenye kipande cha mpira ulichorekodi wewe, usikubali kuonyeshwa zile video za maua na asali inayodondoka maana hizo zinapendeza kwenye TV yoyote, na mwambie aitoe kwenye hali ya dukani aweke ya nyumbani kwanza. Ukilipa, namba ya modeli kwenye risiti ilingane na iliyo mgongoni mwa TV, siyo ya kwenye boksi, na TV iwashwe mbele yako kabla haijafungwa.