Lipu ya mbele imelegea na kuning'inia? Jinsi ya kuirudisha bila kuiharibu bampa

Kwanza tuelewane, lipu ninayoizungumzia hapa sio ile ya ukutani ya saruji, ni lile bodi la chini ya bampa la mbele ambalo wengi tunalinunua pembeni ili gari ionekane imekaa chini. Mimi nimelifunga kwenye Subaru Impreza WRX, lilikaa vizuri kama miezi mitano hivi halafu katikati likaanza kutoa ulimi. Nikapeleka kwa fundi akapiga skrubu mbili za mbao, ndio, za mbao, nikatoka pale nimeridhika kabisa na baada ya wiki mbili zimechomoka na matundu yameachwa makubwa kuliko mwanzo. Ndio nikaamua nifanye mwenyewe.

Kabla hujagusa spana, chukua sarafu ya shilingi 200 upitishe kwenye mwanya kati ya lipu na bampa, anzia kwenye tairi la kushoto mpaka la kulia. Pale inapopita weka alama kwa chaki. Ikipita sehemu moja tu ya katikati, jua hapo hakuna kitu kinachobeba uzito. Ikipita kote ujue gundi ya tepu inayoshika lipu kwenye bampa imekufa. Na kuna kitu wengi hawaangalii, inawezekana lipu haina kosa lolote, bampa lenyewe ndio limeshuka! Angalia mwanya wa bampa na taa, na wa bampa na fenda, kama upande mmoja umeachia ujue klipu za pembeni zimevunjika au bolti za kava ya chini ya injini hazipo. Hizo bolti huwa zinabaki gereji kila ukimwaga oili, fundi anafungua kumi anarudisha sita. Sasa ukikaza lipu kwenye bampa linaloning'inia unaongeza mzigo tu, rekebisha bampa kwanza.

Halafu jua lipu yako ni ya nini. Ya raba ngumu, yaani poliuretheni, unaikunja na inarudi kama ndala. Ya plastiki ya ABS ni nyembamba na ngumu, ukiikunja sana inatoa mstari mweupe. Ya faiba ukiigonga inalia kama sahani na kwa ndani unaona nyuzi. Nauliza hivyo kwa sababu ya joto, poliuretheni ikikaa juani inalainika na inalala katikati ya bolti na bolti, na kwa jua la Dar gari nyeusi imepaki kutwa nzima wewe fikiria mwenyewe. Faiba hailali hivyo, yenyewe inapasuka tu, na usije ukaipasha moto ukidhani utainyoosha.

Haya tufungue. Paki sehemu tambarare, handibreki, mawe nyuma ya matairi, piga jeki sehemu yake halafu weka stendi. Usiingie chini kwa jeki peke yake hata kama ni dakika mbili, jeki haina rafiki. Toa skrubu zote, ile tepu ya zamani usiivute kwa nguvu maana inaondoka na rangi, ipashe kwa draya ya nywele kisha pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake ukivuta huku na huku kama unakata sabuni, inatoka yenyewe taratibu. Mabaki ya gundi futa kwa mafuta ya taa, osha na sabuni ili yale mafuta yatoke, malizia na spiriti. Thina weka mbali kabisa, inakula rangi.

Kama lipu ni ya raba na imeshachukua umbo la kuning'inia lazima uinyooshe ikiwa nje ya gari. Ilaze kwenye ubao ulionyooka, ipashe na ile mashine ya kupuliza hewa ya moto wanayotumia watu wa tinti, umbali wa shubiri moja hivi na mkono usisimame sehemu moja, ukiona inaanza kutii weka matofali juu na uiache mpaka kesho. Ukiitoa ikiwa bado ina uvuguvugu inarudi kulekule. Mimi niliharakisha mara ya kwanza nikarudia kazi yote.

Sasa hapa ndio penyewe. Tepu haijatengenezwa kubeba lipu, kazi yake ni kuubana uso wa lipu usiachie mwanya. Uzito unabebwa na bolti, na bolti nne kwa lipu nzima hazitoshi hata kidogo, mimi naweka moja kila sentimita 15 na pale kwenye alama za chaki naweka karibu zaidi. Kumbuka pia upepo, nguvu yake haipandi sawasawa na spidi, ukitoka 60 kwenda 120 inakuwa mara nne, kwa hiyo lipu inayotikisika kidogo mjini ikifika njia ya Morogoro inapigwa kofi haswa.

Nunua bolti za M6 za stenlesi (kichwa spana namba 10), nati zile zenye plastiki ndani ili zisijilegeze, na washa pana (zile pete bapa za chuma za kuweka chini ya bolti), sio zile ndogo. Washa ndogo inazama kwenye raba kama kidole kwenye unga uliokandwa na siku moja inapita yote. Ongeza flati baa, yaani kipande bapa kirefu, ya aluminiamu ya upana wa sentimita 2 na unene wa milimita 3, pale mtaa wa Gerezani, Dar, hukosi kipande. Hii usiikate ndefu, flati baa haikunjiki kwa ubavu kufuata mviringo wa bampa, kata vipande vya sentimita 15 mpaka 20, toboa matundu mawili kila kimoja, viringisha ncha kwa msasa, vikae chini ya lipu kama madaraja kutoka bolti hadi bolti. Paka nyeusi hakuna atakayeviona.

Pachika lipu kwa maskini tepu (ile ya karatasi ya wapaka rangi) kwanza, anzia katikati, linganisha na nembo ya gari, halafu nenda pembeni zote mbili kidogo kidogo. Rudi nyuma hatua tano uangalie, macho yanaona kuliko rula. Ukiridhika toboa. Drili izungushie tepu uache sentimita moja tu ya ncha, nyuma ya bampa kuna nyaya za taa za fogi na sehemu nyingine rejeta haiko mbali, hutaki kulia. Matundu ya kwenye bampa yawe duara la milimita 6 na nusu, ila ya kwenye lipu na kwenye aluminiamu yafanye marefu kidogo kwenda pembeni, kwa sababu plastiki ikipata joto inatanuka mara kadhaa kuliko chuma, ukiibana kila upande itatafuta pa kwenda na pa kwenda ni kujikunja katikati, tatizo lilelile. Lile tundu la katikati kabisa ndio liwe duara ili lishike senta.

Pale ambapo mkono haufiki nyuma kuweka nati tumia nati za klipu, zile zinazochomekwa ukingoni kama zilizoko kwenye kava ya injini. Ribiti mimi sizipendi hapa, zinashika siku ya kwanza tu.

Kisha tepu, na usinunue ile ya povu ya kubandikia picha. Tafuta VHB, tepu kali ya gundi pande mbili ya kampuni ya 3M, ibandike juu ya sehemu yenye rangi, maana ukingo wa chini wa bampa ambao haujapakwa rangi ni plastiki ambayo gundi nyingi haziipendi. Safisha na spiriti, acha ikauke, bandika, kandamiza kwa nguvu zako zote kipande kwa kipande. Baada ya dakika 20 inakuwa na kama nusu ya nguvu yake, saa 24 kama asilimia 90, na ikimaliza saa 72 ndio imekamilika. Kwa hiyo hakuna kuosha gari kesho yake na hakuna kwenda kujaribu spidi usiku uleule, najua unavyofikiria.

Bolti kaza mpaka washa ilale tu, basi. Ukiona raba inabonyea umezidisha.

Ncha za pembeni kwenye tairi watu huzisahau, ziwekee bolti moja moja ishike na plastiki ya ndani ya fenda, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote uhakikishe tairi haigusi kichwa cha bolti. Kuhusu zile fimbo mbili za kuvuta lipu kwa juu, kama unaziweka zifunge kwenye boriti ya chuma nyuma ya bampa, sio kwenye plastiki. Ila kwa matuta yetu mimi sikushauri, ukilivaa tuta lipu inatakiwa ipate pa kupanda kidogo, ikishikwa na chuma juu basi inachana bampa.

Ukiharibikiwa njiani, tuseme uko Chalinze na lipu inaburuza, kebo tai mbili kwenye matundu ya skrubu na mwendo wa 60 zitakufikisha nyumbani.

Baada ya kilomita 50 hivi ingia tena chini upitie kila nati kwa mkono, halafu pitisha ile sarafu.