Namna ya kuibana hospitali itaje bei na ubora wake, mkiungana wafanyakazi, bosi na wanajamii

Mgonjwa mmoja akisimama dirishani kuuliza itakuwa bei gani mpaka naondoka, anaambiwa "inategemea", basi, kesi imeisha. Na tumbo likiwa linakukata huanzi kubishana, unalipa tu. Kwa hiyo kudai bei ni kazi ya watu wenye afya nzuri, kabla mtu hajaumwa, na wawe wengi. Mi naona hivi: jamii ina macho, mwajiri ana pesa, kila mmoja akienda kivyake hospitali inawapotezea wote wawili.

Anzeni na bili mlizonazo. Msisubiri semina wala mtaalamu. Sisi kazini tulikuwa wanne tu, mchana mmoja tukamwaga risiti mezani, majina tumeyafuta kwa makapeni, tukaanza kupanga. Kipimo kilekile cha damu, hospitali tatu, moja inachaji karibu mara tatu ya wenzake. Kwenye bili nyingine glavu zimechajiwa kivyake halafu chini kuna mstari umeandikwa "vifaa", vifaa gani, hakuna anayejua. Mwenye bili akapiga simu kuuliza, mstari ukafutwa, hata hawakubisha! Nikajiuliza ni wangapi wameulipa ule mstari bila kuuliza.

Jedwali lenu liwe na huduma, tarehe, hospitali, bei iliyotajwa mwanzo na bei iliyolipwa mwisho. Hizo mbili za mwisho ndo zenye utamu, usiziunganishe. Na ulizeni bei ya kitu kizima, sio ya daktari peke yake, maana unaambiwa upasuaji ni kiasi fulani halafu dawa ya usingizi, kitanda, maabara na kliniki ya kurudi vyote vinakuja na bili zao.

Sasa mwajiri. Kama anawalipia bima ana kitu nyie hamna: rekodi ya madai yote, yaani kila hospitali ililipwa nini kwa kila huduma. Mwambieni aiombe kutoka kampuni ya bima, na mkataba ukifika kuhuishwa asome kama kuna kipengele kinachokataza kutoa bei, kikiwepo kitolewe kabla ya kusaini. Ila hapa muwe wakali, data ije bila majina, bosi hana haja ya kujua nani anatumia dawa gani, na ofisi ikiwa ndogo hata bila jina mtu anajulikana, kwa hiyo unganeni na kampuni nyingine mchanganye data. Marekani, jimbo la Indiana, waajiri walifanya hivyo na watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya huko huko Marekani, ripoti ya 2017 ikaonyesha bima zao zilikuwa zinalipa hospitali kwa wastani asilimia 272 ya kile ambacho Medicare, bima ya serikali, ingelipa kwa huduma zilezile.

Mkishajua, msikimbilie kubandika bei ukutani mkadhani mmemaliza. Denmark mwaka 1993 mamlaka ya ushindani ilianza kutangaza bei halisi za zege (ndio, zege la kujengea), ikidhani zitashuka, ndani ya mwaka zikapanda asilimia 15 mpaka 20, maana kila muuzaji alishaona mwenzake anauza ngapi. Bei iliyotangazwa inauma pale tu ambapo wateja wanaweza kuhama. CalPERS, mfuko wa wafanyakazi wa umma wa California, mwaka 2011 ulisema operesheni ya kubadilisha nyonga au goti tunalipa mwisho dola 30,000, ukienda kwa wa ghali zaidi tofauti unaongeza mwenyewe, na hizi hapa hospitali zinazokubali bei hiyo na ubora wake tumeuangalia. Hospitali za ghali zikashusha bei kwa karibu theluthi. Ila mbinu hii ni ya vitu vinavyosubiri, goti linasubiri, mtu aliyegongwa na gari hasubiri, huyo msimuwekee ukomo wa aina hiyo.

Ubora ndo unaosahaulika, na watu wengi wakikosa habari wanachukulia ghali ndo nzuri. Ulizeni maswali machache yanayojibika: upasuaji huu mnafanya mara ngapi kwa mwaka, wangapi wanapata infeksheni ya kidonda, wangapi wanarudi kulazwa ndani ya siku 30, na ile orodha ya usalama ya WHO ya vipengele 19 mnaisoma kwa sauti kabla ya kupasua au mnajaza fomu tu baadaye? Hilo la mwisho sio swali dogo, ilipojaribiwa kwenye hospitali za miji minane vifo baada ya upasuaji vilitoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Majibu mengine hayapo kwenye karatasi, hapo ndo jamii inaingia. Kama dawa huwa zipo, kama wanapokea watu usiku, kama mama anayejifungua anatukanwa, hayo wanayajua majirani. Uganda walijaribu kwenye jamii 50, wananchi na wahudumu wakapewa kadi ya alama za kituo chao, wakakaa pamoja wakakubaliana nini kibadilike, matokeo yaliyochapishwa 2009 yakaonyesha vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimepungua kwa theluthi. Jaribio kubwa zaidi lililofuata, vituo 376, halikuona mabadiliko kama hayo kwenye afya za watu. Ndo maana nasema macho peke yake hayatoshi, kikao kiwe na mtu anayelipa bili pia.

Kikao chenyewe kiwe kifupi, alikeni na muuguzi, sio mkurugenzi tu, maana muuguzi ndo anajua kwa nini foleni haisogei. Mtoke na vitu viwili au vitatu, kila kimoja na jina la mhusika na tarehe. Hospitali isipojibu barua zenu msigombane nayo, kwenye jedwali andikeni "hawakujibu", wekeni tarehe, na hiyo ndo karatasi mwajiri aende nayo siku ya kuhuisha mkataba.