Chachusha pumba, siyo chakula chote

Simu za wafugaji wa Moshi kuhusu vitoto vya nguruwe mara nyingi zinaanza hivi: "Bwana mifugo, vilikuwa vizuri kabisa, tumeviachisha kunyonya juzi, leo vinahara."

Sababu iko tumboni. Kitoto kinaponyonya, sukari ya maziwa huchachuka humo na kutoa asidi inayowabana bakteria wabaya. Maziwa yakikatika asidi hupungua, na tumbo changa bado haliwezi kutengeneza ya kutosha. Pumba zilizochachushwa huingia na asidi yake tayari.

Aliyewahi kutengeneza togwa kazi hii anaijua. Tafuta pipa la plastiki lenye mfuniko; la bati litaliwa na asidi. Weka kilo 10 za pumba za mahindi, lita 25 za maji na lita 1 ya mtindi usio na sukari, ndiyo mbegu ya bakteria wa kuchachusha. Maji ya bomba yalaze wazi usiku mmoja, maana dawa iliyomo inaua na bakteria tunaowataka. Koroga, funika bila kukaza ili gesi itoke. Siku ya pili au ya tatu fungua: juu kuna mapovu madogo, pumba zinateleza vidoleni, harufu ni ya uji mchachu. Ikinuka uozo, au ukiona ukungu, mwaga yote, osha pipa, anza upya. Ukitoa ya kulisha bakiza theluthi, ongeza pumba na maji kwa uwiano uleule.

Juni na Julai, hasa Kibosho na Marangu juu, baridi huchelewesha. Pipa likae jikoni, livikwe magunia, na ulipatie siku 4 au 5.

Ninalosisitiza kuliko yote: chachusha pumba tu. Mashudu ya alizeti, dagaa na madini changanya wakati wa kulisha. Niliwahi kumshauri mama mmoja wa Uru achachushe mchanganyiko mzima, nikidhani tunaokoa muda. Siku ya tatu nguruwe walinusa hori wakageuka. Bakteria walikuwa wamekula protini ya dagaa na kuacha uvundo, na dagaa wale alikuwa amewanunua kwa pesa ya ada. Bado inaniuma.

Pumba zenye ukungu zisiingie pipani kabisa, kuchachusha hakuondoi sumukuvu. Wala usitegemee pipa lisafishe makombo ya hotelini yenye mabaki ya kitimoto. Mabaki hayo yanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, nayo haina tiba. Kama huna budi kuyalisha, yachemke nusu saa nzima huku ukikoroga.

Vitoto vianze kuonja wiki moja kabla ya kuachishwa: sehemu 1 ya pumba chachu kwa 3 za chakula walichozoea, kisha uongeze taratibu. Maji safi yawepo muda wote, na hori lioshwe kila jioni, kwa sababu mabaki ya jana yaliyokauka pembeni ndiyo yanayoota ukungu. Kitoto kikihara damu, au kikilegea na kukataa kunyanyuka, usingoje pipa. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.