Jinsi ya kuishi Nairobi bila kumlisha kasa plastiki

Sisi watu wa Nairobi tukiskia "linda bahari" tunaona hiyo ni kazi ya watu wa Pwani. Ata mimi nilikuwa hivyo mpaka siku moja nikasimama pale Mto Sabaki unamwagika baharini, mbele kidogo ya Malindi, mwezi wa nne, huku bara mvua imepiga wiki nzima, na maji ya ghuba yote yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Miguuni kwangu kuna chupa, patipati za mguu mmoja mmoja na paketi ya maziwa bado bei inasomeka. Siwezi kuapa ilitoka Eastlands. Lakini hebu fuata mto na kidole kwa ramani: mtaro wa mtaa wenu unaingia Ngong, Mathare ama Nairobi, hiyo mito inaishia Athi, Athi inapita Fourteen Falls inashuka Ukambani, ikikutana na Mto Tsavo inaitwa Galana, ikikaribia bahari inaitwa Sabaki. Maji ni yale yale, jina ndio linabadilika njiani kama mtu mwenye madeni.

Kwa hivyo anza nyumbani kabla hujakata tiketi ya treni.

Choo kwanza. Waipsi na pampas haziyeyuki, wacha kudanganywa na picha ya maua kwa pakiti. Ukiflashi zinaziba laini, manholi inafura, maji machafu yanashuka mtoni na kila kitu ndani. Weka ndoo ya kifuniko chooni, kazi imeisha.

Halafu jua anayebeba taka zako anazimwaga wapi. Kwetu tulikuwa tunalipa kijana wa mkokoteni juu ndio alikuwa bei ya chini, miaka miwili, hakuna mtu aliuliza swali. Siku moja natembea asubuhi kando ya mto nikaona mifuko imepasuka, na juu kabisa daftari ya hesabu ya binti yangu, jina lake kwa kava, mwandiko wake, ata ile sifuri mwalimu alizungushia na kalamu nyekundu. Nilisimama hapo nikaona aibu mbili kwa mpigo. Tuliitana wapangaji, tukaongeza pesa kidogo, tukatafuta lori lenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, na siku ya kwanza tukatuma mtu wa boda alifuate polepole mpaka mwisho. Fanya hivyo mara moja tu, utajua kila kitu. Lori la kunyonya choo pia hivyo hivyo, kuna wengine wanangoja giza waende kumwaga pale daraja.

Kwani plastiki inamfanyia nini kasa, huyo kobe wa bahari? Kuna mnyama laini anaelea baharini anaitwa yavuyavu, kasa wanampenda sana, na kipande cha nailoni ndani ya maji kinafanana na yeye kabisa. Akimeza kinakwama tumboni, hewa inajaa, anaelea juu kama puto, hawezi kuzama kutafuta chakula. Anakufa njaa polepole, mbele ya boti za watalii. Mifuko ya plastiki Kenya ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu Juni 2020 ukiingia mbuga ama hifadhi yoyote, za bahari zikiwemo, chupa na sahani za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi. Beba chupa yako ya kujaza, na usingoje mpaka ufike kwa geti ndio ukumbuke.

Lakini ukiniuliza mimi, pale ghuba ya Malindi udongo ni mbaya kushinda chupa, tena hauonekani kwa picha ndio maana hakuna anayeusema. Mto ukileta matope na upepo wa kaskazi uko, mkondo unayasukuma kusini mpaka ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, ile ya tangu 1968. Matope yanafunika matumbawe na nyasi za bahari, jua haliingii, na hizo nyasi ndio sukuma wiki ya kasa wa kijani. Kama uko na ploti Kitengela ama shamba Machakos, piga matuta, panda nyasi, usilime mpaka ukingo wa mto, na mchanga wa mjengo ufunike kabla mvua ije, si baada.

Sasa umefika Watamu, kusini kidogo ya Malindi, umevua viatu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota. Maji yamekupwa, nikamuona amelala pale mwekundu, nikamnyanyua nipige selfi. Mzee wa boti hakunipigia kelele, alisema tu, "Mrudishe mwanangu, huyo pumzi yake iko majini." Nikainama nikamrudisha. Tena tazama unapokanyaga, juu wakati wa bamvua maji yanaenda mbali sana na watu wanatembea juu ya matumbawe wakidhani ni mawe. Ni wanyama hao, na kipande ulichovunja na kisigino kinaweza kuchukua miaka kumea tena.

Mkate usiwape samaki, ata kama kila mtu kwa boti anatupa. Samaki wanazoea kuomba, wanawacha kula mwani unaosonga matumbawe. Ukienda kula, agiza jodari ama nguru, mpite pono, huyo ndiye anasafisha miamba.

Kwa pomboo, wale dolphin, ongea na kapteni kabla injini iwake, si mkiwa tayari mnawafukuza. Mwambie hutalipa zaidi kwa kukaribia, asikate mbele yao, wakitaka watakuja wenyewe. Tusiwalaumu makapteni peke yao, mara nyingi ni sisi wateja tunapiga kelele "karibia, karibia". Na pale Mida, hori ya bahari karibu na Watamu, wale ndege wadogo kwa matope, wengine wametoka Siberia na watarudi huko. Kila ukiwakimbiza waruke ndio upate video, unawachomea mafuta ya safari.

Usiku zima taa za upande wa bahari. Kasa anapanda kutaga gizani, mayai mia moja na zaidi, yanakaa kama siku 60, halafu vitoto vinatoka vinafuata mwanga. Zamani mwanga ulikuwa wa bahari, leo ni wa baa. Ukivikuta usivibebe, viache vitembee, wewe funga tochi na uzuie mbwa. Na ukipata kasa amenaswa kwa wavu usivute kamba, unaweza kumkata mkono. Mfunike na kitambaa kilicholowa, macho na pua uviache wazi, umtafutie kivuli na uulize mvuvi yeyote hapo. Hapo Watamu watu wengi wako na namba ya Local Ocean Conservation, shirika la kulinda kasa, ama ya askari wa KWS, wale wa wanyamapori, na watakupigia hiyo simu wenyewe.